NYUMBA ILIYOEZULIWA: HISTORIA YA MAKAZI NA MFUKO WETU WA BATI



Kamati ya maandalizi ilitupa kazi ya kuandika historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha miaka kumi. Tulidhani wanataka historia ya kikundi tu, yaani nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza na hisa zilianza kwa shilingi ngapi. Hayo yapo kwenye kurasa nyingine. Sisi tumeona tuandike historia ya nyumba, kwa sababu kikundi hiki, ukweli usemwe, kilizaliwa na nyumba iliyoezuliwa.

Wengi wenu mnaikumbuka siku ile. Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Hata arobaini haijafika, ndugu wa marehemu wakaja na ngazi na nyundo, wakang'oa bati zote. Walisema ni mali ya ndugu yao. Kumbe nusu ya bati zile zilitokana na usipa ambao mama huyu aliuanika mwenyewe ufukweni, akausafirisha na kuuza. Lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Mvua zilikuwa zimekaribia. Jioni ile tulikutana chini ya mwembe, tukachangishana, tukapata nyasi za kuezekea upande mmoja. Upande wa pili tukafunika turubai. Juma lililofuata tukakutana tena, na hatujaacha kukutana mpaka leo.

Basi katika kurasa hizi tunajiuliza swali moja: nyumba zinapojengwa kwa jasho la wengi, huishia kwa nani? Tutaanzia nyumbani, twende mbali kidogo, halafu turudi hapa hapa Lituhi, maana tuna jambo la kuamua.

NYUMBA ZA BIBI ZETU

Bibi zetu hawakununua nyumba wala hawakupanga. Nyumba ya mwambao huu wa Ziwa Nyasa ilijengwa kwa miti, matete, udongo na nyasi, na vyote vilipatikana karibu. Wanaume walikata miti na kusimamisha nguzo. Wanawake walichota maji, walikanyaga udongo, walikandika kuta, walisiriba sakafu, walikata nyasi na kuzibeba kichwani. Mwenye nyumba alipika pombe au togwa, majirani wakaja, kazi ikaisha. Wenzetu Wamatengo wa kule milimani kazi ya kualikana namna hiyo huiita ngokela.

Tusiisifu nyumba ile kupita kiasi. Ilivuja, ililiwa na mchwa, na moto ukiingia ilikuwa hakuna cha kuokoa. Tena mama aliyefanya nusu ya kazi hakuhesabiwa kuwa mwenye nyumba. Hata hivyo hakuna aliyelala nje kwa sababu ya kukosa fedha.

Wamisionari walipoleta ujenzi wa tofali za kuchoma, watu waliona kwamba udongo wetu wenyewe ukipita motoni unadumu. Baada ya hapo kila mtu alitamani nyumba ya tofali yenye bati juu. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kudai fedha taslimu. Tofali utafyatua mwenyewe, na kuni za tanuri utatafuta. Bati hulifyatui. Bati ni la dukani.

WAKATI WA VIJIJI

Mkoa wetu wa Ruvuma una historia ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Kuanzia 1963 Litowa na vijiji vingine vilivyofuata vikaungana katika umoja uliojulikana kwa kifupi kama RDA. Walilima pamoja, wakajijengea nyumba na shule, wakapata mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Hawakusubiri mtu aje kuwajengea. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliupenda umoja huo. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja, na mali zake zikachukuliwa. Watu walibaki na majembe yao. Mashine walizozichangia zikawa si zao tena.

Ikaja Operesheni Vijiji. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia kijijini. Watu waliacha nyumba zilizokamilika wakaenda kuanza upya kwenye viwanja vilivyopimwa kwa hatua. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mabaya. Shule na zahanati vilisogea karibu, na kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973 ilitufundisha kuchimba vyoo. Lakini nyumba za kuhama zilijengwa haraka haraka, na wengi walikaa miaka katika kibanda walichoambiwa kuwa ni cha muda tu.

Wakati huo huo tukahimizwa kujenga nyumba bora. Neno lilikuwa zuri, vifaa ndivyo vilivyokosekana. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 hali ya nchi ilikuwa ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 saruji na bati vilipatikana kwa kibali, na mwenye kibali alikuwa mtu wa mjini, au mtu mwenye ndugu ofisini. Mama wa ufukweni angepata wapi kibali?

AHADI YA NYUMBA MIJINI

Labda msomaji atauliza: Dar es Salaam inatuhusu nini sisi wa Lituhi? Inatuhusu. Kwanza, ahadi ya nyumba ilitolewa kwa nchi nzima. Pili, watoto wetu wako huko wanapanga, na kila Januari simu zinazopigwa nyumbani ni za kuomba tuchangie kodi.

Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, walijenga kota za Waafrika Dar es Salaam, sehemu za Ilala, Magomeni na Temeke. Tulipopata uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuondoa vibanda vya udongo na kuweka nyumba za kudumu ambazo mtu wa kipato cha chini angeweza kuzilipia. Kwa miaka ile ya 1960 lilijenga maelfu ya nyumba. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Shs. 100,000/=, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Siku hizo watu walisema mambo ya kunyonywa na mwenye nyumba yamekwisha.

Kilichofuata wengi mnakijua. Kodi ziliwekwa chini ili watu wamudu, hilo lilikuwa jema. Ila fedha za kujenga nyingine na za kukarabati zilizopo hazikutosha. Ujenzi ukapungua, paa zikavuja, na aliyepata nyumba hakuondoka tena. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Hadi leo nyumba za Shirika ni chini ya 20,000, na nyingi ziko katika miji mikubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Upungufu wa nyumba nchini umekuwa ukitajwa kuwa unafika milioni 3.

Tangu Shirika litakiwe kujiendesha kibiashara, nyumba nyingi mpya limezijenga za kuuza. Hata zile zinazoitwa za gharama nafuu huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Nafuu ni neno la mwenye mshahara na mkopo wa benki. Kwa anayeuza usipa kwa sado, nafuu ni kitu kingine kabisa.

Na sheria iliyomlinda mpangaji nayo ilikwenda. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Sasa kijana anayetafuta chumba mjini huambiwa alete kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi, kabla hata hajaingiza kitanda.

BENKI ILIYOFUNGWA

Kulikuwa pia na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1972. Mwaka 1974 ukaundwa Mfuko wa Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, uliotokana na makato ya waajiri. Jina la mkulima lilikuwamo kabisa. Lakini mkopo wa nyumba unataka dhamana na marejesho ya kila mwezi. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, na mvuvi hupata ziwa linapomkubali. Kwa hiyo wengi walionufaika ni watu wa mijini wenye mishahara. Mikopo mingi haikurudi, benki ikadhoofu, ikafungwa mwaka 1995. Hapo tulijifunza jambo ambalo kila mweka hazina wetu amelisimamia kwa ukali: mfuko ambao mikopo yake hairudi, hata ukiwa na jina zuri, haujengi nyumba ya pili.

NYUMBA ZA WATUMISHI

Mwaka 2002 serikali ilianza kuuza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Ziliuzwa zaidi ya nyumba 7,000 katika miaka michache. Aliyenunua alipata pa kuzeekea, na hatumwonei wivu. Lakini nyumba ile ilikuwa imejengwa ili kila mtumishi anayehamishiwa pale apate pa kukaa. Ilipouzwa, aliyekuja baada yake hakukuta kitu. Jambo hilo lilizua maneno mengi bungeni na magazetini, na serikali ikabidi ijenge na kukodi nyumba nyingine kwa ajili ya watumishi wapya.

Hata hapa kwetu tunaliona tatizo la mtumishi kukosa nyumba. Mwalimu au muuguzi akipangiwa Lituhi, swali lake la kwanza ni: nitalala wapi? Wengine wamefika, wakazunguka siku mbili tatu kutafuta chumba chenye mlango unaofungika, halafu wakaomba uhamisho. Akiondoka muuguzi, anayeumia ni mama mjamzito wa hapa hapa.

Tusimalize sehemu hii kwa masikitiko tu. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa kwenye nyumba zao za zamani ili zibomolewe, wakakaa miaka mingi wakidai haki yao ya kurudi. Kaya zao zilikuwa zimeorodheshwa, kaya 644, na hawakuacha kudai. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya pale yenye nyumba 644. Hesabu ile ile. Wasingekuwa wameandikwa, nani angejua leo walikuwa wangapi?

SISI NA BATI

Sasa turudi Lituhi.

Baada ya kumwezekea mwenzetu, tulianza na upatu wa kawaida. Kisha tukaingia kwenye hisa, sanduku la kufuli tatu na daftari. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza tuliona kwamba gawio linaingia nyumbani na kuyeyuka: ada, msiba, mbolea, deni la dukani. Ndipo tukaanzisha mfuko wa bati. Kila mwanachama anatoa kiasi kidogo nje ya hisa zake, tunanunua bati kwa pamoja, na kina mama wawili wanaezekewa kwa zamu. Tofali kila mmoja anafyatua kwake, na siku ya kuezeka tunaalikana kama bibi zetu. Ubishi wa mwaka ule haukuwa mdogo. Kuna waliosema tununue ng'ombe, na kuna waliosema bati zitafika zimekunjamana kwa barabara yetu ya Kitai. Kweli, lori la kwanza lilikwama matopeni na tulilala njiani tukilinda bati.

Lakini kosa letu kubwa halikuwa la barabara. Tulipokwenda kununua, muuzaji aliuliza aandike jina la nani kwenye stakabadhi. Tukamwambia aandike jina la baba mwenye nyumba, kwa heshima. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Mwaka wa pili mmoja wetu akaachika. Kikao cha ukoo kiliposomewa stakabadhi, bati zilizonunuliwa kwa akiba ya wanawake zikahesabiwa mali ya mume. Hakuna aliyetudhulumu siku ile isipokuwa sisi wenyewe. Tulianzishwa na mama aliyekosa karatasi, tukaenda kuandika karatasi yenye jina lisilo lake!

Tulibadili utaratibu. Stakabadhi inaandikwa jina la mwanachama aliyelipa, nakala inakaa sandukuni, na mume anaombwa kuweka sahihi kama shahidi. Wako waume waliokataa. Mmoja alituuliza, "Ina maana mnanifukuza nyumbani kwangu?" Mama yetu mmoja mzee akamjibu, "Hatukufukuzi, mwanangu. Tunamwandika aliyelipa. Wewe ukilipa, nawe tutakuandika." Alicheka, akatia sahihi. Mwingine hakucheka, na mkewe akajitoa katika mfuko. Tunamtaja hapa bila jina ili asisahaulike, na mlango uko wazi.

Wengi wetu hatukujua kwamba sheria iko upande wetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe siku ile hakupata mgao alioutaka. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili. Sheria ipo. Ila sheria haipandi ngazi kumzuia mtu anayeng'oa bati. Kinachomzuia ni karatasi iliyopo na majirani wanaojua kilichoandikwa.

JAMBO LILILO MBELE YETU

Wanachama wote mnajua kwamba mkutano mkuu ujao utaamua kuhusu vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja chetu. Ni wazo zuri. Watumishi watapata pa kulala, na kikundi kitapata pato. Lakini sisi tuliopewa kazi ya historia, historia hiyo hiyo inatulazimisha kusema mambo matatu.

La kwanza: kiwanja chenyewe. Tulipokipata hatukuwa tumesajiliwa, kwa hiyo kiliandikwa jina la mmoja wa viongozi wetu. Ni mwaminifu, na hakuna anayemshuku. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuliandike jambo hili hapa. Amesema, "Mimi si wa milele, na wanangu hawakukaa chini ya mwembe." Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chetu husajiliwa na kutambulika. Tusianze kufyatua tofali hata moja kabla kiwanja hakijaandikwa jina la kikundi. Tumewahubiria wengine habari za stakabadhi miaka minane, na sisi kiwanja chetu kiko hivyo hivyo!

La pili: kodi. Wapo wanaosema tudai ya miezi sita mbele kama wafanyavyo mjini, ili tumalize kupiga plasta. Hoja yao si ya kipuuzi, maana fedha za kumalizia hatuna. Lakini muuguzi mpya hufika kabla ya mshahara wake wa kwanza. Tukimdai miezi sita tutampata mfanyabiashara, na muuguzi ataondoka. Tunapendekeza kodi ya mwezi kwa mwezi, na fungu litengwe kila mwezi kwa ukarabati, lisiguswe. Nyumba za umma zilianza kuanguka pale ukarabati uliposubiri fedha zitakazobaki. Fedha hazibaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu: kusiwe na kuuza. Siku itakuja ambapo mtu mwenye fedha, labda mmoja wetu, atataka kununua chumba anachokaa. Atatoa bei nzuri na sababu nzuri. Katiba yetu iseme mapema kwamba vyumba hivi haviuzwi kwa mtu mmoja, na kwamba kimoja kati ya vinne kitakuwa akiba ya mwanachama aliyepatwa na janga, kama la moto, mafuriko au kuezuliwa.

Najua, mtasema tunaongeza masharti kabla ya sherehe. Lakini tumeona jinsi mali ya wengi inavyoondoka. Vijiji vya umoja wa Litowa vilinyang'anywa kwa amri. Benki ya Nyumba iliishiwa kwa madeni. Nyumba za watumishi ziliuzwa kwa mkataba halali, mchana kweupe, na walionunua walishangilia. Njia ni tatu, na mwisho wake ni mmoja: aliyekuja nyuma hakukuta kitu.

Yule mwenzetu wa kwanza bado yupo, na anaweka hisa kila juma. Aliezekwa katika zamu ya nne, kwa sababu alikataa kutangulizwa. Alipoulizwa juzi tuandike nini juu yake, alisema tuandike kwamba stakabadhi yake ya bati ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kwamba binti yake anajua ilipo.

Wanachama, njooni mkutanoni na maoni yenu, hata yanayopingana na haya.  Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kiandikwe ni cha nani.

Sisi,
Waandishi wa Historia ya Kikundi,
Lituhi.